Wastani wa Mbegu Tatu

Kwenye basi la Mvumi, mzee Methusela alichungulia karatasi ya Witness, binti mtafiti wa mtama aliyeketi kando yake. "Mbegu tatu. Wastani kwa ekari gunia nne, tano, na hii mpya sita. Mbona hujaitangaza?"

"Babu, hiyo mpya shamba moja limetoa mbili, jingine kumi. Mashamba ya mbegu moja yanapishana zaidi kuliko zinavyopishana mbegu zenyewe. Nimepiga hesabu mara tatu. Siwezi kusema sita imeletwa na mbegu."

"Mtafiti mwenzio aliyekuja kijijini alishatuambia ndiyo bora!" Sauti ya mzee ilipanda. "Mbegu yangu ya zamani nimeisaga yote, tumekula ugali."

Witness aliikunja karatasi. Alipomgeukia mzee, basi lilikuwa limesimama naye ameshashuka bila kuaga.