Ndege Tuliyoikimbia Ziwani

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama! Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mitumbwi yangu yote nimenunua kwa jasho langu, na haya ninayosema sikusimuliwa na mtu.

Leo naisifia ndege. Ndiyo, ndege! Ilikuwa ndogo, ya injini mbili. Kabla ya vita vya Kagera ilikuwaga inabeba dawa na wagonjwa. Vita ilipoanza jeshi likaichukua, ikapewa kazi ya kutafuta watu waliopotelea ziwani. Haikubeba bomu hata siku moja. Ilibeba maboya!

Ndugu zangu, wakati ule tulifundishwa: ukisikia ndege, kimbilia handaki. Basi asubuhi moja upepo ukatupindulia mtumbwi, mimi na shemeji yangu Wambura. Tumeushikilia, nguvu zinaisha, nchi kavu haionekani, nalia Mungu niokoe. Mara ngurumo! Handaki utalipata wapi ziwani? Tukapiga mbizi, tukaibukia chini ya mtumbwi uliopinduka, palipobaki hewa, tukatulia kama panya. Ndege ikapita. Ikaenda zake.

Ikarudi. Wambura akachungulia.

"Shemeji, toka! Kuna mtu mlangoni mwa ndege anapunga mkono!"

"Mtego huo! Rudi ndani!"

"Adui gani anapunga mkono, we kichwa cha kambare? Haya, baki humo! Dada yangu nitamtafutia bwana mwingine!"

Nikatoka mbio! Wambura akavua shati, akapunga. Ndege ikashuka chini kabisa, ikatudondoshea maboya, ikabaki inazunguka juu yetu mpaka boti ikatufikia kwa kuifuata. Haleluya!

Siyo sisi tu, iliokoa wengi. Baada ya vita ikarudia wagonjwa wake mpaka injini zikachoka, ikakatwa vyuma. Haina hata kaburi. Lakini wanangu na wajukuu zangu wote pale Kitaji wapo kwa sababu ilirudi, na mimi najivuna kuitangaza mpaka nife. Asante Mungu kwa ndege ile, na kwa mdomo mchafu wa Wambura!

Ndugu zangu, nilimwomba Mungu msaada, msaada ulipokuja nikaukimbia. Nawe wa Kiabakari, wa Mugeta, popote ulipo, unajificha nini gizani? Anayekutafuta siyo adui. Toka leo, maana Bwana hajachoka kuzunguka juu yako.