Mzee Ebenezeri Anakabidhi Basi, Kesi Bado

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Ebenezeri anastaafu baada ya kuendesha basi la shule yetu kwa miaka ishirini na sita. Mimi, Gladness wa Kidato cha Tatu, nimechaguliwa kuandika wasifu wake na kuusoma hapa ukumbini. Nimeahidi kueleza yote, hata yale ambayo kwenye sherehe huwa yanarukwa.

Alianza kazi wakati barabara ya Kirua Vunjo ilikuwa tope tupu. Aliwabeba mama zetu wakiwa wasichana, kisha akatubeba sisi. Anamjua kila anayetapika kwenye kona, humkalisha mbele. Ukitoa kichwa dirishani kutazama theluji, utamsikia: “Ingiza kichwa, wewe! Kibo hakihami!” Basi zima hucheka.

Mwezi Agosti, tukishuka kwenda Moshi, kijana wa bodaboda aitwaye Tito alihama upande wake akatugonga, akavunjika mguu. Nilikuwa kiti cha pili. Niliona. Mzee alikuwa upande wake na alikwenda taratibu.

Jumapili iliyofuata alibeba isale, jani ambalo huku mlimani hupelekwa kuomba msamaha, akaenda kwa kina Tito. Kwetu mtu hulipeleka hata kama kosa si lake, ili aliyeumia asibaki na kinyongo. “Nimekosa, nisameheni,” alisema. Wakamsamehe, wakala pamoja. Kesho yake polisi walipomhoji, alirudia maneno yaleyale, yakaandikwa. Sasa anashtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe, na maneno hayo ndiyo ushahidi.

Mwalimu Hilda alimwambia, “Mzee, ungemwona wakili kabla ya kutoa maelezo.”

“Wakili wa nini, mwalimu? Hao ni wa wezi. Mimi nimeshasamehewa.”

Hapo ndipo tunapoumia. Msamaha wa kina Tito ni wa kweli, lakini kesi haikufutwa nao. Anaweza kufungwa, mtu ambaye humpigia honi kwa upole hata mbuzi wa barabarani.

Asante, babu, kwa kutufikisha nyumbani kila jioni. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na migomba inayozaa. Wakili Priska, aliyesoma hapa, anasema hujachelewa. Kesi itasikilizwa Januari, na sisi tulioona tuko tayari kusema mahakamani. Wakili Priska anakusubiri Jumatatu asubuhi ofisini kwake mjini. Tafadhali, tujibu leo kabla hujaondoka ukumbini: utakwenda?