Runka Hataomba Radhi: Maisha ya Marehemu Lovisa Gislason, 1948–2023

Marehemu Lovisa Gislason alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 hapa Sandvik, kando ya Ziwa Winnipeg, mtoto wa kwanza wa mzee Ketill, mvuvi wa nyavu za chini ya barafu, na mama Jonina. Mimi ni Asgerd, mdogo wake. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu, lakini siahidi.

Alisoma shule ya hapa kijijini, kisha chuo cha ualimu Winnipeg, 1966 hadi 1968. Utundu aliuanza mapema. Akiwa na miaka minane alikula nusu ya vinarterta, keki ya matabaka saba ambayo mama aliiandaa kwa msiba wa jirani. Matabaka yaliyopungua akayajazia soli za sufu za buti za baba, akazipaka jamu ya plamu. Mchungaji wa wakati huo alitafuna kipande chake mpaka mwisho, akasema, "Mama Lovisa, wewe kwa mapishi hujambo!" Mama alipogundua alimchapa. Lovisa akauliza huku analia, "Na mchungaji aliyedanganya, yeye atachapwa na nani?"

Alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na moja, na humo ndimo alimoanza kuandika vitabu vyake vya Runka, msichana asiyesikia la mkubwa, na bata bukini wake aitwaye Askofu. Watoto walivigombania maktabani mpaka vikachanika. Mtoto alisoma akacheka Ijumaa, Jumatatu akarudisha penseli aliyoiba, bila mtu kumwambia neno. Lakini wachapishaji wake wa Toronto, ambao siwataji jina kwa kuwa tuko kanisani, wakaona hiyo haitoshi. Wakabandika ukurasa mwishoni mwa kila kitabu: "Tumejifunza nini?" Hata kumuuliza hawakumuuliza! Marehemu alisema, "Mtoto ameshashiba, wao wanampanua mdomo kuangalia kama amemeza."

Alifunga ndoa na Einar Gislason, fundi wa injini za boti, tarehe 14 Juni 1975, katika kanisa hili hili. Kila jioni Einar alisomewa kurasa za siku hiyo. Asipocheka mpaka akavua miwani, zilikwenda jikoni kuwashia moto. Shemeji alitutoka mwaka 2011, na tangu hapo marehemu aliwasomea paka, akilalamika kwamba hawana ucheshi.

Sasa nije kwenye ugonjwa, na hapa mnisamehe. Desemba 2022 tumbo lilianza kumuuma. Akamwambia daktari, "Kuna bata ananidonoa humu ndani." Daktari akacheka sana, akampa vidonge vya kiungulia. Akarudi Machi, akarudi Mei, akachekesha, akapewa vidonge. Walipompima Agosti, saratani ilishafika kwenye ini. Jamani, mtu akitania ndiyo haumwi? Alisema wazi kwamba anaumwa! Walisikia utani tu.

Akiwa kitandani hospitalini aliandika kitabu cha mwisho. Runka anawaambia wakubwa kwamba barafu ya ziwa ni nyembamba, nao wanaangua kicheko, maana Runka ni mtu wa masihara. Lori la mwenyekiti wa kijiji linazama hadi madirishani, Askofu amekaa juu ya paa. Mwenyekiti, maji kifuani, anafoka, "Wewe mtoto, kwa nini hukuniambia?" Runka anajibu, "Nilikuambia, mzee. Ulikuwa unacheka." Kitabu kinaishia hapo. Nilimuuliza kama ni habari za yule daktari. Akanijibu, "Ni habari za lori, wewe."

Wachapishaji wakamrudishia kikiwa na mwisho mpya: Runka anapiga magoti, anaomba radhi kwa utani wake, anaahidi kuwa msichana mtulivu. Aombe radhi kwa lipi? Kwa kusema kweli? Dada alikisoma, akageukia ukutani. Baadaye akanishika mkono. "Asgerd, Runka asipige magoti. Nikiondoka usiwaachie." Nikamwambia, "Siwaachii." Alifariki tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi, mkono wake mkononi mwangu.

Mjumbe wa wachapishaji yupo hapa, safu ya pili, na maua yake ni mazuri. Karibu baba, unywe kahawa, ule keki. Ila ujue haki za vitabu dada ameniachia mimi. Runka atatoka kama alivyoandikwa, amesimama, bila ule ukurasa wenu, au hatatoka kabisa. Na wewe ni shahidi kwamba nimekuambia bila utani.

Marehemu ameacha binti yake Kristbjorg, mwanawe Palmi, wajukuu wanne, paka wawili na mdogo wake mmoja. Yeye apumzike kwa amani. Mimi naanza kazi ya Runka Jumatatu.