Kanzu ya Siku ya Kazi Moja

Monseigneur, bamupe, ba-abbé, masista, wazee wa mtaa, akina mama, wanafunzi, na ninyi wote mliofika kwa miguu kutoka Katuba na kwa treni kutoka mbali zaidi, familia ya Mukuka inawaomba mkae kama mtakavyoweza, wenye viti wawapishe wakubwa, kwa maana maisha tunayowasomea leo hayakuwa maisha ya kunong'ona, nasi hatutayanong'ona.

Marehemu Abbé Adalbert Kunda alizaliwa tarehe 6 Aprili 1913 katika kijiji kimoja karibu na Mitwaba, mtoto wa kwanza wa baba Faustin Mukuka na mama Albertine Bwalya, akabatizwa mwaka uleule, na mwaka 1921 baba yake, aliyekuwa ametangulia kuja kutandika reli, akawaita mkewe na mtoto hapa Élisabethville, wakaishi katika kambi ya wafanyakazi wa reli, ndipo alipozaliwa mwaka 1923 dada yake mmoja tu, mama Jeanne, ambaye leo ameketi pale mbele na ambaye bila yeye historia hii isingekuwa na paa.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1922, akaingia seminari ndogo mwaka 1928 na seminari kubwa mwaka 1933, kule kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1936 alipewa kanzu yake ya kwanza, nyeupe, ya vifungo kuanzia shingoni hadi miguuni, akaja nayo likizo kambini, na mama yake akakataa mtu mwingine yeyote asiifue, tena alipoianika alikaa chini karibu nayo na kijiti mkononi, akifukuza kuku na watoto, na moshi wa kiwanda cha shaba ulipogeuka kuja upande wa kambi aliinuka mbio akaikumbatia na kuingia nayo ndani, kwa hiyo asije mtu hapa leo kutuambia kwamba nyumba ya Mukuka haikujua heshima ya kanzu.

Alipewa daraja la upadri siku ya Dominika, tarehe 20 Julai 1941, hapa mjini, na katika hatua hii ya historia, ambapo kwa marehemu wengine husomwa ndoa, sisi tunasoma siku hiyo, kwa kuwa baba Faustin, aliyekuwa amengoja wajukuu, misa ilipokwisha nje ya kanisa akamshika mwanawe mikono yote miwili mbele ya watu na kumwita mupe, jina tunalowaitia mapadri wazungu, maana padri mweusi tunamwita abbé, na Adalbert akamsahihisha kwa aibu, “Baba, mie niko abbé tu, bamupe ni bazungu,” naye mzee akamjibu, “Mie nilikuzaa, nitakuita vile nataka,” na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine hadi alipofariki mwaka 1944.

Kazi aliianza kama padri msaidizi katika misheni za kando ya njia ya reli, na mwezi Februari 1946 akapelekwa parokia ya Mtakatifu Clément, katika mitaa ya watu weusi ya mji huu, chini ya mkubwa wa misheni Mupe Désiré, mtu wa bidii, aliyejenga darasa kwa mikono yake na kuzika watu wengi wakati wa homa, hayo hatuyafichi, lakini pia hatufichi sheria aliyoiweka, kwamba padri mweusi asionekane bila kanzu saa yoyote, awe kazini au awe anapumzika, awe uani au barabarani, kwa sababu, alisema, mweusi akivua kanzu nani atamtambua kuwa ni padri, ilhali yeye na wenzake siku yao ya kupumzika ilipofika walicheza tenisi nyuma ya misheni katika kaptura, magoti nje, na hakuna aliyeuliza nani atawatambua.

Siku hiyo ya kupumzika ya mapadri ilikuwa Jumatatu, maana Dominika wengine wanapopumzika wao ndio wanatumika, yaani wanafanya kazi, na ninyi mnajua sisi wa mji huu tunavyozihesabu siku kwa kazi, Jumatatu ni Kazi Moja, Jumanne ni Kazi Mbili, na kadhalika, basi siku ya mapumziko ya marehemu ilikuwa na jina linalomcheka, na yeye mwenyewe alizoea kusema, “Bwana Mungu amenipa kupumzika, Élisabethville imekataa.”

Mwaka 1949 mume wa mama Jeanne alifariki kazini na kumwachia watoto wadogo, naye mwaka 1951 akapata kiwanja Katuba, akaanza kujenga, na kila Kazi Moja kaka yake alipanda baiskeli akiwa na kanzu, akafika, akaitundika kwenye msumari ndani ya kile chumba cha kwanza kilichokwisha kuezekwa, akabaki na shati lake jeupe na suruali, akachanganya saruji na kupanga matofali hadi jioni, na kama huko ndiko kuvunja sheria basi tunatangaza mbele ya Monseigneur kwamba aliivunja, na ukuta aliouvunjia sheria hiyo bado umesimama wima.

Tarehe 4 Juni 1951, siku ya Kazi Moja, misumari ya bati iliisha kabla ya saa sita, naye akaruka juu ya baiskeli kwenda kununua mingine mjini kwa wazungu, vilevile alivyokuwa, saruji mikononi, akasahau kitabu chake cha utambulisho katika mfuko wa kanzu, kosa ambalo fundi wa kawaida asingelifanya, maana fundi anajua bila kitabu hafiki mbali, lakini padri mweusi alikuwa ametembea mji huu miaka mitano bila kuulizwa na polisi hata mara moja, kanzu ndiyo iliyokuwa kitabu chake, na siku hiyo ndiyo aliyojua wenzake wanaishi vipi.

Karibu na maduka polisi walikuwa wanakamata watu wasio na kitabu hicho, ambacho mitaani tunakiita mukanda, na yule polisi mweusi aliyemshika akamuuliza, “Weye iko nani, mukanda yako iko wapi?” naye akajibu kweli tupu, “Niko padri,” na polisi akacheka hadi kofia ikainama, “Padri bila kanzu? Basi mie niko Gouverneur, panda camion!” akapandishwa kwenye lori pamoja na wapishi, wafua nguo na wachuuzi, kati yao mama Nkandu, muuza samaki wakavu, aliyepanda na beseni lake kichwani akiwatukana polisi wote kwa zamu, na huyo mama Nkandu yuko hapa leo, na ameruhusu tuseme hivyo.

Habari ilipofika misheni kwamba wamefungiwa kwenye kituo cha polisi, Mupe Désiré alikuja mara moja, na alikuja moja kwa moja kutoka kwenye tenisi, kaptura, soksi nyeupe, na mkononi amebeba kanzu ya pili ya marehemu iliyokunjwa vizuri, akapita mlangoni kwa polisi bila kuulizwa kitabu wala jina, na mama Nkandu alipomwona akasema kwa sauti ya sokoni, “Huyu naye iko mupe? Magoti yote nje, na hakuna muntu anamuuliza mukanda!” na watu waliofungiwa ndani wakacheka, hata yule polisi akageukia ukutani, mabega yakitikisika.

Mupe Désiré akanyoosha kanzu na kusema, “Vala, Adalbert, twende, nimeisha kusema na komisa wa polisi,” na hapo, ndugu waombolezaji, maisha yote ya marehemu yalikuwa juu ya kipande kile cha nguo, kwa sababu akiivaa angetoka peke yake na nafasi yake parokiani ingebaki, asipoivaa angekuwa amemkatalia mkubwa wake mbele ya watu, na kila padri mweusi alijua wapi wanapelekwa wanaokataa, misheni za mbali porini, naye akauliza kwa upole, “Mon père, leo iko siku gani?” na Mupe akajibu, “Siku yako ya kupumzika, wajua vizuri,” lakini mama Nkandu akadakia kabla hajamaliza, “Kupumzika gani? Leo iko kazi moya, hata mutoto anajua!”

Ndipo marehemu akasema maneno ambayo Katuba nzima inayajua kwa moyo, nasi tunayarudia kama alivyoyasema, “Mon père, umesikia, leo iko kazi, na kazi yangu ni hawa, basi nikivaa kanzu siwezi kuwaacha, na nisipovaa niko mmoja wao, tutatoka wote ao tutalala wote, chagua weye,” kisha akakaa chini sakafuni akiwa na shati lake la saruji, akaanza rozari, na wote wakaitikia, Waprotestanti kwa Wakatoliki, na mama Nkandu, ambaye wakati ule hakuwa amebatizwa, aliitikia kuliko wote.

Komisa hakuweza kumlaza padri rumande, hakuweza pia kumbeba kwa nguvu huku anasali, na kelele zilikuwa zinafika barabarani, kwa hiyo kabla ya saa kumi mlango ulifunguliwa na wote walitoka, wote, wapishi na wafua nguo na wachuuzi, na padri katikati yao bila kanzu, maana kanzu mama Nkandu alikuwa ameichukua mkononi mwa Mupe Désiré kwa heshima zote na kuiweka juu ya beseni lake, akatangulia nayo kichwani kama bendera, wakapita maduka ya wazungu yote mchana kweupe wakiimba, na kanzu ile, asema mama Jeanne aliyeifua mara nyingi, ilinuka samaki hadi Noeli.

Tarehe 25 Juni 1951 aliitwa mbele ya wakubwa wa misheni, barua ya kumwondoa Élisabethville ikiwa tayari, na alipoulizwa kama padri anayepumzika anapaswa kuvaa kanzu alijibu kwamba yuko tayari kuivaa hadi kitandani, ila anaomba kitu kimoja tu, sheria iwe moja, basi Jumatatu ijayo bamupe nao wacheze tenisi na kanzu, naye atakuja kuwaokotea mipira, na mzee mmoja kati yao akakohoa ili asicheke, na Mupe Désiré, mwenye kukimbia kuliko wote uwanjani, akatazama magoti yake mwenyewe, na siku hiyo ikaamuliwa kwamba kila padri, mweupe kwa mweusi, wakati wa mapumziko atavaa kwa dhamiri yake, na ile barua haikutumwa popote.

Kuna waliodhani ameshinda ili atupe kanzu, nao hawakumjua, kwa kuwa baada ya ushindi ule aliivaa hata alipokuwa hana kazi, hasa kwenye treni, akisema huenda mtu amebeba msiba ndani ya behewa na anatafuta padri kwa macho, na kwa ba-abbé vijana waliokuja kumuuliza wavae lini na wavue lini alikuwa na kipimo kimoja, ukivua ili utumike kwa mikono, itundike tu msumarini, lakini ukivua ili watu wasikujue pale unapokwenda, rudi nyumbani uivae, na baadhi ya vijana hao wako hapa, wanatazama viatu vyao.

Kuhusu watoto, marehemu hakuzaa, lakini watoto wote wa mama Jeanne walikula, walivaa na walisoma kwa mkono wake, wasichana sawasawa na wavulana, na watu walipomwambia kwamba msichana hahitaji shule ya juu aliwauliza sheria hiyo imeandikwa katika Injili gani, na leo mmoja wa wasichana hao anasoma katika chuo kikuu cha mji huu, na nyumba ya Katuba ina paa.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza mwaka 1957, akatibiwa na kurudi altareni, ukamrudia kwa nguvu mwezi Agosti 1958, akalazwa katika hospitali ya weusi, na alikataa chumba cha peke yake, akalala katika wodi ya wote na pajama ya hospitali, ile ya mistari, iliyokuwa fupi miguuni, na hata hivyo wagonjwa walimtambua, wakavuta vitanda karibu ili waungame, na mgonjwa mmoja aliyekuja jana yake tu alipouliza padri yuko wapi jirani alimwonyesha kidole, “Ni ule wa pajama fupi,” hivyo swali la mwaka 1946, mweusi akivua kanzu nani atamtambua, lilijibiwa wodini.

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 1958 alimuuliza mama Jeanne, “Leo iko siku gani?” naye, akimwita yaya kama tunavyowaita kaka wakubwa, akamjibu, “Kazi moya, yaya,” marehemu akatabasamu, akasema, “Basi niende kutumika,” na saa tatu na nusu akamrudia Mungu wake.

Jana mchana Mupe Désiré, ambaye sasa ni mzee na anatembea na fimbo, alifika nyumbani Katuba, akasimama mlangoni hadi alipokaribishwa, na akamuuliza mama Jeanne marehemu avishwe nini, aliuliza, tunalirudia neno hilo, aliuliza, na mama Jeanne akasema kanzu, na ndani yake lile shati la siku ya misumari lenye saruji kifundoni mwa mkono, na Mupe akaifunga mwenyewe vifungo vyote kuanzia miguuni hadi shingoni, polepole, kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho alisema kwa Kiswahili, mbele yetu sote, “Kwaheri, mupe,” na kama baba Faustin alisikia huko aliko, amecheka.

Familia inawashukuru waganga na masista wa hospitali, ba-abbé wenzake waliopokezana kukesha naye, Mupe Désiré, majirani wa Katuba walioleta kuni, maji na unga bila kuombwa, wafanyakazi wa reli waliochonga sanduku, mama Nkandu na wote waliokuwa naye ndani ya lori lile, ambao leo wameomba walibebe sanduku wao wenyewe na wamekubaliwa, na tunaomba msamaha kwa yeyote tuliyemsahau.

Pumzika kwa amani, mupe wetu, ijapokuwa sote hapa tunajua siku yako ya kupumzika inaitwaje.