Haki ya Sisimizi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kibanda changu cha kushonea, na anayesema ni la watu wote aje anioneshe msumari aliopigilia. Upande wa kulia hukaa Gazeti, kinyozi, ambaye habari humfikia kabla haijamfikia mwenyewe. Katikati hukaa Mstaafu, aliyekuwa karani wa idara ya maji, na mpaka leo hakai bila kupangusa benchi kwa leso kana kwamba anakaguliwa. Anayefuata ni Kilo, muuza nafaka, duka lake liko ng'ambo ya barabara. Mama Birika na jiko lake la mkaa wanatukabili, anatumiminia kahawa huku akitusema. Nafasi ya mwisho, ile iliyo karibu na ufa wa ukuta, ilikuwa ya Fundi Saa, Mungu amrehemu, na hatujampa mtu. Yeye ndiye aliyetuanzishia mtindo wa kutomaliza kikombe. Funda la mwisho, lile zito lenye sukari iliyotuama, unalimwaga kwenye ufa wanakotokea sisimizi. Aliliita haki yao. Ukilinywa unaambiwa umekula haki ya watu, na jioni hiyo huna raha tena.

Siku ninayoisema ilikuwa alasiri, jua limeshapoa, na Kilo alikuja amevaa shati la kutokea. Tukajua kuna jambo.

Kilo: Jamani, leo nataka mnisaidie. Binti yangu anapita hapa.

Gazeti: Mkaguzi anakuja? Na sijaambiwa?

Mama Birika: Kumbe na wewe habari huwa zinakupita. Alhamdulillahi.

Mkaguzi ni jina tulilompa sisi. Mama yake alipofariki alikuwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na Kilo hakuwa na mtu wa kumwachia, basi akawa anashinda naye hapa. Mtoto hakutaka mwanasesere wala mpira. Alilala kifudifudi kwenye ule ufa akiwatazama sisimizi mpaka magoti ya gauni yakatoboka. Nimeyatia viraka magauni yale mpaka nikakosa pa kushika sindano. Siku moja Fundi Saa akaivua ile lenzi yake ya kubana jichoni, akampa atazamie. Nakumbuka mtoto alivyopiga kelele: "Wana nywele!" Benchi zima tukashuka chini kuziona nywele za sisimizi, watu wazima na akili zetu. Sijui kama tumewahi kucheka vile tena.

Sasa ni mtu mzima, amesoma mpaka kisomo kimekoma chenyewe, na alichosomea ni sisimizi.

Kilo: Kesho asubuhi anatakiwa atoe jibu. Hapa mjini kuna kituo cha utafiti wa nafaka, wanamtaka. Kazi yake itakuwa fukusi, hawa wadudu wanaotoboa mahindi. Kwa upande mwingine kuna chuo, mbali huko, mpaka upande ndege. Wanataka akakae msituni awaangalie sisimizi. Awaangalie tu!

Mstaafu: Akishawaangalia?

Kilo: Ndilo nililomuuliza. Akaniambia, "Baba, nataka nijue wanaamuaje kuhama." Nikamwambia, mama, wakihama si wamehama? Mimi msimu uliopita nimefungua gunia nikakuta unga. Si mimi tu, safu nzima ile. Mama mmoja alikuja kununua mahindi ya wanawe, nikaona aibu kumpimia. Mwanangu ana akili ya kuyazuia hayo, halafu akatazame sisimizi? Mtafiti amesomeshwa na jasho la watu, awatumikie watu. Basi akija mniunge mkono.

Mstaafu: Mimi niko na wewe. Utafiti lazima uwe na utaratibu. Pale idara ya maji, bomba likipasuka, fundi hakuwa anakwenda kutengeneza lile analolipenda. Anakwenda linakovuja.

Gazeti: Ndiyo maana mtaa wangu haukuwahi kupata maji.

Mstaafu: Mtaa wenu mliiba bomba lenyewe!

Gazeti: Hayo tuyaache. Mimi nasema mtu aache moyo wake umpeleke. Vitu vyote vikubwa viligunduliwa na watu waliokuwa wanatafuta kitu kingine. Moto uligunduliwa na mtu aliyekuwa anatafuta mbuzi.

Mstaafu: Nani kakwambia?

Gazeti: Inajulikana! Na gurudumu lilitokana na mtu aliyeangusha sinia.

Kilo: Wewe na sinia zako. Nimekwambia uniunge mkono.

Gazeti: Kaka, mimi nimenyoa vichwa vya mji huu mzima. Mwenye hamu ya kujua ana kisogo chake, kina bonde hapa katikati. Kichwa cha binti yako nilikinyoa mwenyewe alipopata chawa shuleni. Bonde ninalijua. Mtu wa namna ile ukimpeleka kwenye fukusi, atawatazama macho yao na kusahau kuwaua. Utapata hasara mara mbili.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kilo hakucheka. Alikuwa anakifunga na kukifungua kifungo cha shati, na mimi nikaanza kuingiwa na huruma, maana kifungo kile nilikishona juzi na hakikuwa na kosa.

Mstaafu: Kuna njia ya katikati. Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi mtafiti afanye yanayohitajiwa na umma. Ijumaa aruhusiwe kushangaa. Anasaini anapoanza kushangaa, anasaini anapomaliza.

Gazeti: Na akishangaa Jumanne?

Mstaafu: Aandike barua ya kujieleza.

Mama Birika alikuwa anapepea mkaa kimya. Akikaa kimya sana ujue anakuja.

Mama Birika: Hebu niwaulize nyie wanaume. Mbegu ya kahawa ni chungu. Mtu wa kwanza kaitafuna, kaitema. Kisha akasema, ngoja niiunguze kwanza. Kaiunguza, imekuwa chungu zaidi. Akasema, ngoja niitwange. Kisha akaichemsha! Hiyo ilikuwa shida ya nani? Nani alikuwa anakufa kwa kukosa kahawa?

Gazeti: Mstaafu.

Mama Birika: Hicho kilikuwa kiherehere cha mtu. Na kiherehere hicho ndicho kilichonisomeshea wanangu na kuwakalisha nyie hapa mpaka mkazeeka.

Hapo Mstaafu akaanza kusema kahawa ilivumbuliwa na idara, Gazeti akasema ilivumbuliwa na mwizi aliyetaka asilale, na kelele ikawa kubwa mpaka mwenye duka la simu akachungulia. Mstaafu akafika mahali pa kudai kwamba hata mvua, isingekuwa na utaratibu, ingenyesha ndani ya nyumba. Gazeti akamjibu kwamba kwake inanyesha. Kilo ndiye aliyeizima. Hakupaza sauti.

Kilo: Kituo cha nafaka naweza kwenda kwa miguu. Nampelekea chakula mchana.

Mama Birika akaacha kupepea mkaa.

Mama Birika: Afadhali umelisema. Tumekuwa tukiwasingizia fukusi bure.

Kilo: Fukusi wapo! Kweli wapo. Lakini na nyumba ipo. Alipokuwa anasoma chuo hapa hapa, akirudi jioni nasikia lango, najua ni yeye. Sasa anakwenda mahali ambapo kwangu ni usiku kwake ni mchana. Nitamsubiri saa ngapi?

Mimi niliwaza jinsi Kilo alivyokuwa akimbeba binti begani akivuka barabara, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine sufuria ya uji, na sisi tukimpigia makofi kama mchezaji. Mambo mengine yanauma kwa sababu yalikuwa matamu.

Ndipo Mkaguzi akatokea. Amevaa suruali pana na raba zenye matope, begi begani, miwani kichwani.

Mkaguzi: Shikamooni wazee wangu. Mama, shikamoo.

Tukaitikia kwa pamoja. Gazeti akachungulia kisogo chake, akanikonyeza kwamba bonde lipo. Mama Birika akammiminia kahawa, na Kilo akajisogeza ampishe, lakini binti akaenda kukaa ile nafasi ya Fundi Saa. Hakuna aliyemkataza. Ndiye mtu pekee ambaye tusingemkataza.

Kilo: Mama, wazee wako wana neno la kukwambia.

Akatutazama. Mstaafu akapangusa mahali palipokwisha kupanguswa. Gazeti, domo lote lile, akawa anasoma bango la duka la simu. Mimi nikakumbuka nina suruali ya mtu ya kupunguza.

Mkaguzi: Haya, semeni. Baba, na mimi nilikuja kukuuliza wewe kabla sijawajibu. Sitaki nijibu halafu ndiyo nikwambie.

Wakati anasubiri, alimaliza kahawa yake ikabaki lile funda la mwisho. Akainama kulimwaga ufani kama alivyofundishwa. Mkono ukasimama hewani. Akaweka kikombe chini, akapiga magoti, akausogeza uso ufani. Kisha akainua uso.

Mkaguzi: Kwani sisimizi wa hapa walikwenda wapi?

Gazeti: Si wamo humo.

Mkaguzi: Hawamo, baba mdogo. Tazama. Hakuna njia, hakuna vumbi la kuchimba, hakuna hata mmoja. Buibui ameziba mlango, na utando wake una vumbi. Wameondoka zamani. Lini?

Tukatazamana. Jana tumemwaga. Juzi tumemwaga. Kila jioni tunamwaga haki ya sisimizi, na kumgombeza asiyemwaga, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinama kuona kama wanaokula wapo.

Mstaafu: Nadhani ni pale walipoupaka ukuta chokaa.

Mama Birika: Au daktari alipowakataza nyie sukari. Siku hizi mnawamwagia shubiri tu.

Gazeti: Mimi nasema waliondoka na Fundi Saa. Walikwenda kumzika, hawakurudi.

Mkaguzi: Kipi kilitangulia? Chokaa, sukari, au msiba?

Hapo ndipo tulipokwama kabisa. Mstaafu alisema chokaa, Mama Birika akasema sukari, kisha Mama Birika akabadilisha na Mstaafu akabadilisha. Tulikuwepo sote, siku zote, kwenye benchi hili hili, na hatukujua. Nikaanza kukumbuka vingine vilivyoondoka mbele yetu bila kuaga: yule muuza magazeti mwenye kengele, bomba la kona tuliloogea utotoni, kicheko cha Fundi Saa kilichokuwa kikianza na kikohozi. Nilitamani kumuuliza mtu vilikwenda lini, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Mkaguzi akafungua begi akatoa kitu kidogo cheusi. Ilikuwa lenzi ya Fundi Saa. Alirithishwa yeye, nasi tulikuwa tumeshasahau. Alipotaka kuiweka jichoni, Kilo akanyoosha mkono.

Kilo: Nipe mimi.

Akashuka chini na lile shati la kutokea. Magoti yake si ya kuchezea, yakalia yote mawili. Akabana lenzi jichoni, akakunja uso wote kuishikilia, akausogelea ufa mpaka pua ikapata chokaa. Watu walikuwa wanapita.

Kilo: Sioni kitu.

Mkaguzi: Na mimi sioni, baba. Ndiyo maana nauliza.

Kilo: Walikuwa wengi, mama. Walikuwa na njia yao mpaka kwenye mguu wa benchi. Hata mvua ikinyesha wanarudi palepale.

Mkaguzi: Nakumbuka.

Kilo: Sasa mtu ana nyumba yake, analetewa chakula kila siku, mpaka mlangoni. Kwa nini aondoke?

Aliuliza akiwa bado amepiga magoti, lenzi jichoni, na sauti yake haikuwa ya mtu anayebishana. Mkaguzi akasema, polepole:

Mkaguzi: Sijui, baba. Hakuna anayejua.

Kilo akaivua lenzi, akaipangusa kwa pindo la shati, akamrudishia. Binti akamshika kiwiko, akamwinua. Chokaa ilikuwa imemganda puani na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kilo: Basi nenda.

Mkaguzi: Na fukusi?

Kilo: Fukusi nitapambana nao mimi na dawa yangu ya kubahatisha, mpaka apatikane mtafiti wa kwao. Wewe nenda. Lakini ukishajua kinachowaondoa, uje uniambie mimi kwanza. Kabla hujaandika popote.

Mkaguzi aliegemeza kichwa kwenye bega lile alilokuwa akibebewa utotoni, na mimi nikageukia cherehani yangu, nikakanyaga ikazunguka bila kitambaa.

Mama Birika akatikisa birika, akasema kahawa imekwisha. Kila mtu alikuwa ameshika kikombe chake na lile funda la mwisho ndani, limepoa, na hakuna aliyejua alifanyie nini. Kulinywa ilikuwa vigumu, na kulimwaga ilikuwa kituko. Kilo akainama tena, akalimwaga lake ufani, taratibu, lisimguse yule buibui.

Mstaafu: Sasa unammwagia nani?

Kilo: Wakirudi je?

Gazeti akainama akamwaga lake, nikafuata mimi.