Mmoja Kati ya Wanne

Mhadhiri wa nadharia ya uwezekano hakugundua, tangu alipopanda treni, kwamba mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa mjamzito. Alikuwa ameinamia mtihani aliokuwa akiutunga, kwenye swali la sarafu inayorushwa mara nne. Kilichomwinua kichwa ni sauti ya wifi wa yule mwanamke.

"Daktari alisema mmoja kati ya wanne ndiye atakayerithi ugonjwa wa selimundu. Huyo mmoja tumeshamzika, wifi yangu. Huyu ni mzima, kula ulale."

"Kwani tumbo ni foleni, akishapita mgonjwa waliobaki wamesalimika?"

"Wewe nawe, maswali kama hakimu."

"Nauliza kama mama. Huyu aliye humu atajuaje kwamba alitanguliwa na kaka?"

Wifi alimtengenezea mtandio begani, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. "Ukinishinda kwa maneno, basi niachie dua."

Jibu mhadhiri alikuwa nalo: kila mimba ni tukio huru, huanza upya, na yaliyopita hayaipunguzii hatari wala hayaiongezei. Alikuwa amelisema miaka mingi bila kulionea uzito. Sasa aliona kwamba kulitamka ni kumpokonya wifi faraja yake, na kulinyamazia ni kumwacha mama peke yake na swali. Bado alikuwa akipima, treni ikasimama. Wale wawili wakashuka wameshikana mikono, wakiendelea kubishana.

Tangu muhula ule, somo lake la matukio huru halianzi tena na sarafu.