Bi Ottley na Foleni ya Chumba cha Kufulia

Ijumaa tarehe 29 Septemba, Bi Thelma Ottley atakabidhi funguo za Jumba la Harnsey baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano ya kuwahudumia wageni wanaokuja kulitazama. Mwenyewe anasisitiza hiyo miezi mitano itajwe. Tangu asubuhi amepita mezani kwangu mara tatu kuhakikisha, na kila akipita anafuta sifa moja. Kwa hiyo, wafanyakazi wenzangu, mkiona wasifu huu una sifa chache, mjue si choyo changu.

Alianzia bustani ya waridi, akiwazuia wageni wasichume maua. Hakumkaripia mtu. Alimwendea na kumwomba radhi, tena na tena, mpaka mgeni akaona haya na kumwomba radhi yeye. Baada ya miaka miwili akahamishiwa ndani, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Mara yuko ngazini, mara yuko maktaba akinyoosha pazia ambalo limeshanyooka. Sisi tuliofanya naye zamu tulichoka kwa kumtazama tu.

Kwenye ujia wa nyuma kuna chumba cha kufulia cha zamani. Mama yake, Hilda, alifua na kupiga pasi mashuka ya jumba hili humo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Miaka kumi na saba iliyopita meneja wetu wa wakati huo, Bw. Giles Tranter, aliamua chumba hicho kiwe ghala la duka la zawadi, na mafundi waanze Jumanne. Bi Ottley hakupinga. Kwetu hapa mtu hapingi. Husema tu, "Ni wazo la kuvutia," huku roho inamwuma. Alilisema hilo mara mbili kwa siku moja, nasi tukajua hali ni mbaya.

Jumatatu, sikukuu ya mwisho wa Agosti, mvua ilinyesha kama kawaida yake, na wageni wote wakakimbilia ndani. Bi Ottley alikwenda kukiaga chumba. Akasimama mbele ya mlango, ufunguo mkononi, asiweze kufungua. Bwana mmoja mwenye koti lililolowa akaja kusimama nyuma yake.

"Samahani mama, foleni ndiyo hii?"

"Nafikiri," akajibu, maana kumwambia mtu kwamba amepanga foleni ya bure ni kumwaibisha.

Mimi nilikuwa zamu jikoni. Haikupita robo saa, foleni ikanifikia, ikanipita, ikatokea uani. Nikamwuliza bibi mmoja wanasubiri nini.

"Sijui, mwanangu. Lakini lazima ni kitu kizuri, maana haisogei."

Bw. Tranter akaja kasi, akataka kupenya. Mgeni mmoja akamzuia.

"Baba, mkia uko kule nje."

"Mimi ndiye meneja."

"Na mimi ni daktari wa meno, na bado nasubiri."

Bw. Tranter, Mwingereza wa watu, akatoka nje kwenye mvua, akapanga foleni.

Kwa aibu tu, Bi Ottley akafungua mlango, akawaingiza watu sita sita. Hakuwa na hotuba. Alieleza alichokijua: karo la kufulia aliposimama mama yake, magadi yaliyochubua vidole, pasi za chuma zilizopashwa moto jikoni. Zamu ya Bw. Tranter ilifika baada ya dakika arobaini. Akainua pasi moja, akaishika muda mrefu kidogo, akairudisha. Jioni ile aliwapigia mafundi simu wasije. Siku hizi wageni wanakiulizia chumba hicho kuliko sebule kubwa.

Kazi ya kuwatembeza humo nairithi mimi, na sina raha. Wiki iliyopita Bi Ottley alisimama nyuma akinisikiliza. Niliwaambia wageni kwamba wafuaji wa zamani waliishi kama familia moja, wakiimba huku wakifua. Wageni walipotoka, akafunga mlango.

"Nani kakwambia waliimba?"

"Nilidhani wageni watapenda."

"Watapenda, ndiyo. Mama hakuimba. Alikuwa amechoka, Clive. Kila siku nilimwona akirudi nyumbani hawezi hata kufungua vifungo. Usimchangamshe mama yangu."

Tangu siku hiyo nami siketi. Napita vyumbani nikijizoeza maneno, nayafuta, naanza upya.

Bi Ottley, ahsante kwa yote, hata kwa sifa ulizozifuta. Wenzako wote wa Harnsey tunakuombea afya, magoti yasiyouma na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Kuanzia Jumamosi nitawaambia wageni hivi: aliitwa Hilda Ottley, alifanya kazi humu miaka ishirini na sita, na alichoka.

Clive Mottram, mwongoza wageni